Wikendi ya Songea ni soko la nani?

Ijumaa jioni ikishaingia, Songea hunukia mafuta ya chipsi na nyama ya kuchoma. Bombambili, Mfaranyaki, Lizaboni, Msamala, kote viti vya plastiki hutolewa nje, mkaa hupepewa, na makundi ya marafiki huunganisha meza mbili mbili ili watoshe. Wapo watumishi wa umma, walimu, wafanyabiashara wa nafaka, mafundi, madereva na wanafunzi wa vyuo. Hadi Jumapili usiku, baada ya ibada na baada ya mpira kwenye luninga, fedha nyingi huwa zimepita juu ya meza hizo. Ukizifuata fedha hizo zinakokwenda, utakuta zinawanufaisha wengi walio mbali na wachache mno walio karibu. Mkoa wa Ruvuma unasifika kwa kulisha nchi, lakini makao yake makuu hayajajifunza kuuziana chakula cha Ruvuma pale ambapo mlaji ana fedha mkononi na yuko tayari kuitoa. Hilo linaweza kurekebishwa, tena bila sheria mpya, kwa kuanzia na kile ambacho marafiki wanakiagiza Jumamosi.

Kabla ya kufika huko, kuna lawama moja ya zamani ya kuiondoa njiani. Kila mwisho wa mwezi wapo wazee na viongozi wa dini wanaowasema vijana kwa kula nje, kwamba ni ufujaji, kwamba sufuria ziko nyumbani na unga upo. Lawama hiyo ilikuwa na uzito mji ulipokuwa mdogo na kila mtu alikuwa na kwao umbali wa kutembea kwa miguu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 203,000 na ushei katika Manispaa ya Songea. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 280,000. Katika ongezeko hilo wamo wengi walioletwa na kazi, masomo au biashara, wanaoishi chumba kimoja cha kupanga chenye jiko la gesi la mtungi mdogo. Watu hao hawana ua wa kuwakaribisha wenzao. Meza ya mgahawani ndiyo sebule yao. Hapo wanapeana taarifa za kazi, wanachangishana kwa ajili ya msiba, wanapatana baada ya ugomvi. Isitoshe, shilingi inayotolewa hapo inamlipa mpishi, mhudumu, mwosha vyombo, mchinjaji na bodaboda. Kwa hiyo sina ugomvi na kula nje. Ninachohoji ni kinacholiwa.

Chukua sahani inayoagizwa kuliko zote, chipsi kuku, uichambue kipande kwa kipande. Viazi, kwa sehemu kubwa, vimeshuka na lori kutoka nyanda za Njombe. Mafuta yanayochemka kwenye karai kwa kawaida ni ya mawese, na Tanzania haijawahi kujitosheleza kwa mafuta ya kula. Sehemu kubwa huingia kwa meli, hasa kutoka Malaysia na Indonesia. Kuku ni wa kisasa, aliyetoka kama kifaranga cha siku moja kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, mara nyingi nje ya mkoa, akalelewa kwa wiki tano au sita. Tomato sosi iliyomwagwa pembeni imetoka kiwandani, na kwa kawaida imeongezwa maji ili ifike mwisho wa siku. Soda au bia iliyo kando imesafiri kutoka viwanda vya Mbeya au Dar es Salaam. Kinachobaki kuwa cha Songea ni mkaa, kabichi na nyanya za kachumbari, na jasho la mpishi aliyesimama mbele ya moto tangu saa kumi alasiri. Marafiki wanne wakila hivyo na kulipa, sehemu kubwa ya bili yao inaondoka mjini kesho yake asubuhi, ikifuata barabara ileile ya Makambako iliyouleta mzigo.

Sasa geuza macho uangalie kilichopo kuizunguka meza hiyo. Magharibi, baada ya Peramiho, kuna Mbinga na milima ya Umatengo, ambako wakulima wamelima kwenye miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa mtindo wa ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwa mpangilio ili maji yasichukue udongo, na maharage na mahindi huota kwenye matuta yanayoyazunguka. Ukiendelea, lami inakufikisha Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa Afrika, lenye magege, mbasa na dagaa ambao mtu aliyewaonja hahitaji kushawishiwa tena. Mashariki ni Namtumbo na Tunduru, zenye mpunga, ufuta, korosho na asali. Kaskazini ni Madaba. Mvua zikinyesha, uyoga wa porini hujaa kwenye mabeseni kando ya barabara, na msimu wake ukifika masuku huuzwa kwa vikombe. Katika nyumba nyingi togwa haikosekani. Lakini mhudumu wa Songea anapokuja mezani na kuulizwa kuna nini, huimba orodha ileile ambayo ungeisikia Dodoma, Morogoro au Singida: chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku, mishkaki, wali nyama, wali maharage, ugali nyama. Mgeni aliyesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam anaweza kukaa wikendi nzima mjini hapa na kuondoka bila kujua kwamba mkoa huu una ziwa.

Mfano wa kahawa ndio unaoumiza zaidi. Mbinga inalima arabika tangu miaka ya 1920, na ina kiwanda chake cha kukoboa. Kahawa hiyo imejenga nyumba za matofali, imesomesha watoto hadi vyuo vikuu, imeanzisha na kuua vyama vya ushirika. Hata hivyo Tanzania huuza nje zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yake, na bei ya mkulima wa Umatengo hupangwa na mvua za Brazil na hali ya masoko ya New York na London. Ethiopia, ambayo nayo ni nchi ya wakulima wadogo na kipato kidogo, hunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa inayovuna. Bei ya dunia ikianguka, mkulima wa Ethiopia angalau anayo karibu nusu ya soko iliyo nyumbani, kwa watu wanaokunywa kahawa hata kama New York imelala. Huku kwetu, kilomita 100 hivi kutoka Mbinga, ukiagiza kahawa mgahawani asubuhi ya Jumapili utaletewa kikombe cha maji ya moto, kijiko, na kopo au pakiti ya kahawa ya unga ya kukoroga. Vijiwe vya kahawa ya birika vipo, lakini hivyo ni vya wazee wa bao na habari za siasa. Havijafika kwenye meza ya vijana wanaolipa kwa simu. Mtu akifungua mahali panapokaanga buni ya Mbinga mbele ya mteja, akaisaga na kuichemsha vizuri, hatakuwa amebuni jambo geni. Atakuwa amefunga pengo ambalo limekuwa wazi kwa miaka mia moja.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo madogo mno kulinganisha na uchumi wa mkoa. Ruvuma, watasema, inazalisha mahindi kwa mamia ya maelfu ya tani. Marafiki wa Jumamosi watayamalizaje kwa sahani za ugali? Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayoonyesha ulipo uzito wa jambo lenyewe. Mahindi yana mnunuzi mkubwa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye kanda yake hapa Songea. Yana wafanyabiashara wa Dar es Salaam na wa nchi jirani. Hata hivyo mnunuzi mkubwa naye huweza kufungiwa mlango. Juni 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei katika mikoa ya nyanda za juu kusini iliporomoka na wakulima wakabaki na magunia wasijue wayapeleke wapi. Sahani za Songea zisingeweza kuwaokoa, na sidai kwamba zingeweza. Ninachosema ni kwamba mkoa una mazao mengine mengi ambayo hayana wakala wala hifadhi: uyoga unaoharibika kwa siku mbili, samaki mbichi, kuku wa kienyeji wa mama wa kijijini Lilambo, majani ya maboga, ndizi, parachichi, asali, togwa. Kwa vitu hivyo, mlaji wa mjini mwenye fedha mwisho wa wiki ndiye hifadhi ya taifa pekee iliyopo. Asiponunua yeye, hakuna anayenunua kwa bei ya maana, na mara nyingi mwenye kuathirika ni mwanamke, kwa kuwa mahindi na kahawa vikiuzwa ni baba anayepokea, lakini kuku na mboga ni riziki ya mama.

Kama kuna anayetilia shaka kwamba wikendi inaweza kujenga soko la bidhaa ya hapahapa, aitazame kitimoto. Hakuna mradi wa wafadhili ulioanzisha biashara hiyo, wala hakuna waziri aliyekata utepe. Nguruwe wanafugwa nyuma ya nyumba vijijini na pembezoni mwa mji, wanakula pumba za mahindi ya mkoa huu na mabaki ya jikoni, wanachinjwa, na nyama inafika jikoni ikiwa bado mbichi kabisa. Mteja huchagua kipande kwa macho, hupimiwa kilo, humwambia mchomaji akaange kavu au aweke rosti, na ndizi zifuate. Wakati nyama iko jikoni, meza inasogoa kwa saa nzima bila kulalamika, maana ladha inayokuja inajulikana. Ufugaji huo umewalipia wengi ada za shule. Una matatizo yake: homa ya nguruwe ikiingia, karantini hufuata na mfugaji hupoteza banda zima kwa wiki moja, na usafi wa machinjio unahitaji jicho kali zaidi la maofisa afya. Lakini kimsingi kitimoto kimethibitisha mambo mawili ambayo wenye migahawa husema hayawezekani: kwamba mkoa unaweza kuleta bidhaa kila wiki bila kukosa, na kwamba mteja wa Songea yuko tayari kusubiri na kulipa kwa kitu kilichotoka karibu.

Kasoro ya kitimoto ni kwamba hakiwezi kuliwa na meza nzima. Ruvuma ni mkoa wa Wakatoliki wengi tangu Wabenediktini walipojenga Peramiho mwaka 1898, lakini pia ni mkoa wa Waislamu wengi, hasa ukielekea Tunduru, na kundi la marafiki mjini Songea huwa na wote wawili. Kinachotokea mara nyingi ni meza kugawanyika, au mmoja kuambulia soda na chipsi kavu huku wenzake wakishika mfupa. Samaki hana ugomvi na dini yoyote. Muislamu anamla, Mkristo anamla, na katika Ijumaa za Kwaresima, ambapo Mkatoliki anajinyima nyama, samaki ndiye anayetakiwa hasa. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, mji wa namna hii ulipaswa kuwa mji wa samaki. Tangu lami ilipokamilika kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, samaki aliyetolewa ziwani alfajiri anaweza kuwa juu ya jiko Songea jioni ileile, safari ya takriban kilomita 170. Barabara hiyo ilijengwa kwa fedha nyingi za umma. Kuiachia ipitishe abiria, saruji na makaa ya mawe peke yake ni kuitumia nusu.

Hapa anainuka mpinzani makini, na ninamheshimu. Anasema Ziwa Nyasa halina samaki wengi kama Victoria. Ni la kina kirefu, takriban mita 700 mahali penye kina kuliko pote, na upande wetu pwani yake ni ya miteremko mikali isiyo na maji mafupi mapana ambamo samaki huzaliana kwa wingi. Mbasa hasa, anayepanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga, amepungua kwa sababu ya nyavu zinazomngoja mdomoni mwa mto. Tukiwaambia watu wa Songea wote wale mbasa kila Jumamosi, tutammaliza. Kweli kabisa, na kwa sababu hiyo mbasa abaki kuwa chakula cha nadra, na bei yake ifanane na unadra huo. Lakini dagaa wa Nyasa huzaa upesi na kuvuliwa kwa wingi, nao wakikaangwa wakakauka, wakapewa limau na pilipili, wanashinda karanga yoyote kando ya kinywaji. Halafu kuna mabwawa. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa yenye mabwawa mengi ya samaki nchini, na kituo cha Serikali cha ukuzaji viumbe maji kiko Ruhila, ndani ya manispaa hii hii. Mengi ya mabwawa hayo huvunwa mara moja kwa mwaka na samaki kugawanywa kwa majirani, kwa kuwa mwenye bwawa hana mnunuzi wa uhakika anayemwambia niletee kilo 20 kila Ijumaa. Mwenye mgahawa naye ananunua sato waliogandishwa kutoka kanda ya ziwa kwa kuwa hana mfugaji wa uhakika. Wawili hao wanaishi katika mji mmoja na hawajakutana.

Pingamizi linalotajwa mara nyingi zaidi ni la ladha. Watu hutoka ili wale kile wasichokila nyumbani, husema wenye migahawa. Nani atalipa shilingi elfu kadhaa kwa ugali wa dona, dagaa na majani ya maboga aliyoyakimbia kwa mama yake? Wanaosema hivyo wanasahau jinsi vyakula vya wenzetu vilivyopanda daraja. Mtori ulikuwa chakula cha jikoni Kilimanjaro, cha mzazi aliyetoka kujifungua. Leo unanywewa baa za Dar es Salaam asubuhi ya Jumapili na watu wasio na tone la damu ya Kichaga. Urojo wa Zanzibar ni chakula cha barazani, na sasa watalii huupangia foleni Forodhani. Ugali na nyama ya kuchoma, ambao Wakenya wameufanya kuwa karamu ya mwisho wa wiki, hauna kitu kimoja ndani yake ambacho hakipatikani nyumbani. Katika mifano yote mitatu chakula cha kawaida kilipikwa vizuri kuliko nyumbani, kikaandaliwa kwa heshima, kikaliwa katikati ya watu. Uyoga wa porini uliokaushwa kidogo na kuungwa kwa karanga nzito, ukaja na ugali wa moto na magege wa kuchoma, hauhitaji kuombewa radhi mbele ya chipsi zilizolainika kwa mafuta yaliyochemka tangu juzi. Kinachokosekana ni mpishi aliyeamua kuvipika kana kwamba vina thamani, na mteja anayemuunga mkono mara tatu au nne za mwanzo.

Pingamizi la gharama na muda nalo lina uzito wake. Kuku wa kienyeji hachemki kwa dakika 20, na mwenye mgahawa anayemchinja bila kuwa na mteja anaweza kulala naye jikoni. Viazi na kuku wa kisasa vina faida hiyo: vinapatikana daima, vinaiva haraka, bei yake inajulikana. Lakini angalia jinsi marafiki wanavyopanga wikendi siku hizi. Tangu Jumatano kundi la WhatsApp linajadili wapi na saa ngapi. Michango hutumwa kwa simu kabla hata ya kuonana. Mweka hazina wa kundi anajua Alhamisi ni watu wangapi watafika. Kundi la watu wanane likiagiza Ijumaa kuku wawili wa kienyeji na sinia la samaki kwa ajili ya Jumamosi saa nane, likatanguliza nusu ya fedha, mwenye mgahawa hana hasara ya kuogopa, mama wa Lilambo anauza kuku kwa bei aliyoijua jana, na hakuna anayekaa saa mbili akipiga miayo. Kuagiza mapema ndicho kitu kidogo kinachoweza kubadilisha biashara nzima, na teknolojia yake iko tayari mikononi mwa kila mlaji. Migahawa iliyojifunza kupokea oda za sherehe na semina inajua tayari jinsi ya kufanya hivyo. Inachotakiwa ni kuwafanyia watu wanane kile inachowafanyia watu 80.

Wengine watanishitaki kwa ubinafsi wa kimkoa. Watauliza kama ninataka Songea isinunue viazi vya Njombe, na kama Njombe nayo ikiacha kununua mchele wa Namtumbo itakuwaje. Sitaki hivyo. Nchi hii imejengwa kwa mikoa kulishana, na Ruvuma ndiyo ingeumia kwanza kama kila mkoa ungejifungia, kwa kuwa ziada yake yote huliwa na wengine. Chipsi zibaki, na anayezipenda aendelee kuzila. Shida yangu ni mji unaonunua kwa kila mtu isipokuwa kwake mwenyewe. Biashara ya kweli kati ya mikoa huhitaji kila upande uwe na kitu unachojivunia na kukiuza kwa jina lake. Njombe imefanya hivyo kwa viazi na parachichi, Kyela kwa mchele, Singida kwa kuku na alizeti. Ukimuuliza Mtanzania wa kawaida chakula cha Ruvuma ni kipi, atakwambia mahindi, na mahindi hayana jina mahali pengine popote yakishaingia kwenye gunia. Jina la chakula hujengwa mezani, na linaanza kujengwa nyumbani kabla halijasafiri.

Kuna pia suala la afya, ambalo nitalitaja kwa uangalifu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa inayolisha nchi, Ruvuma ikiwamo, imekuwa juu ya wastani huo. Sahani ya Jumamosi haiwezi kuponya jambo lenye mizizi katika maji, malezi, kazi nyingi za akina mama na umaskini. Lakini mtoto hula kile ambacho wakubwa wake wanakiheshimu. Kijana mwenye mshahara wake wa kwanza anapoona kwamba kila mwenye uwezo anakula sembe nyeupe, chipsi na soda, na kwamba dona, dagaa, maharage na mboga za majani ni chakula cha asiye na fedha, atafanya nini siku akiwa na watoto? Atawaonyesha mapenzi kwa kuwanunulia chipsi. Heshima ya chakula hutangulia ulaji wake, na katika mji wetu hakuna jukwaa linalogawa heshima hiyo kwa nguvu kama meza ya wikendi, mbele ya marafiki, ambako kila mtu anaona mwenzake ameagiza nini.

Nini kifanyike? Kwanza, Manispaa ya Songea ina siku ambazo mji hujaa wageni, na siku hizo zingeweza kuwa shule. Kila Februari 27 watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwamo Nduna Songea Mbano ambaye mji umebeba jina lake. Wanahistoria hukadiria kwamba Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata viliua kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi walikufa kwa njaa, kwa kuwa mkoloni alichoma mashamba na maghala ili kuwavunja waliokataa kutawaliwa. Hakuna siku inayofaa zaidi ya hiyo kuweka mabanda ya chakula cha mkoa, kila halmashauri na chake: Nyasa na samaki wake, Mbinga na kahawa, Namtumbo na wali, Tunduru na asali na korosho. Siku za mechi Uwanja wa Majimaji, nyumbani kwa klabu iliyowahi kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1985, 1986 na 1998, ni nafasi nyingine. Mama lishe wapewe maeneo ya kudumu yenye maji na taa, wasikimbizwe na mgambo kila uongozi unapobadilika, kwa kuwa wao ndio wanaojua kupika vyakula hivi. Na kituo cha Ruhila kiwakutanishe wafugaji wa samaki na wenye migahawa, waandikiane hata mkataba wa ukurasa mmoja.

Wenye migahawa wanaweza kuanza bila kungoja Manispaa. Chakula kimoja cha Ruvuma kwenye orodha kila Jumamosi kinatosha kwa mwanzo, mradi kipatikane kila Jumamosi, maana hakuna kinachoua chakula kipya kama mhudumu kusema kimeisha saa saba mchana. Kiandikeni ubaoni, mtaje kilikotoka, bei iwe wazi. Kahawa ya Mbinga iwekwe kwenye chupa ya moto kila asubuhi. Togwa iliyopoa iwe kwenye jokofu kando ya soda, katika chupa safi, kwa bei isiyozidi ya soda.

Kwenu walaji kuna jambo moja tu, na ndilo lenye nguvu kuliko hayo mengine yote. Mhudumu atakapokuja mezani Jumamosi hii na kuanza kuimba orodha yake, mwacheni amalize, kisha mmuulize kama kuna samaki wa Nyasa, kama kuna uyoga, kama kuna kuku wa kienyeji, kama kahawa ni ya Mbinga. Jibu la kwanza litakuwa hakuna. Ulizeni tena wiki ijayo, na meza ya jirani iulize. Mwenye mgahawa husikiliza kwa makini maswali yanayorudiwa na watu wenye fedha mfukoni, kwa kuwa anajua kwamba swali likiulizwa mara kumi limekwisha kuwa oda. Songea haikosi chakula, barabara, wapishi wala wateja. Vyote vinne vipo, na wateja ndio wanaoweza kuviunganisha, kwa kuagiza.